Homa ya Bonde la Ufa na Utupaji Mimba wa Mifugo

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Dalili yake kuu zizini ni kondoo, mbuzi na ng'ombe kutupa mimba kwa wingi. Ulitambuliwa kwanza katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru ya leo. Daubney, Hudson na Garnham waliueleza mwaka 1931.

Virusi hushambulia ini la mama, kisha hupenya kondo na kukiua kijusi. Katika kundi lisilo na kinga, karibu kila kondoo mwenye mimba huitupa, iwe changa au pevu. Wana-kondoo wasiotimiza wiki moja hufa zaidi ya tisa katika kila kumi, wengi ndani ya saa 36, ilhali kondoo wakubwa wengi hupona. Hivyo mfugaji huweza kubaki na majike yake na kupoteza uzao wa msimu mzima.

Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes husubiri udongoni kwa miaka, hadi mvua kubwa ijaze mabwawa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997–98, na tena 2006–07, ugonjwa ulipofika Baringo na kuua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Wengi huambukizwa kwa kugusa damu, au kwa kumzalisha mnyama mikono mitupu.

Chanjo ipo, lakini ile hai ya Smithburn yenyewe huweza kuharibu mimba. Mifugo hupaswa kuchanjwa kabla ya kupandishwa na kabla ya mafuriko, na hapo ndipo penye ugumu: mvua haingoji ratiba ya zizi.

Bruselosi, ugonjwa wa bakteria, nayo hutupisha mimba, ila huenda polepole. Ng'ombe hutupa mimba kuanzia mwezi wa tano, mara nyingi katika miezi ya mwisho, kondo hukwama, na bakteria hubaki kiweleni na kutoka na maziwa. Kwa macho pekee magonjwa haya hayatofautishwi kwa uhakika; sampuli hupelekwa maabara.

Kondo na kijusi visiachiwe mbwa. Mbwa akila kondo lenye vimelea vya Neospora, huvirudisha malishoni kwa kinyesi chake, na ng'ombe wengine hutupa mimba. Vishikwe kwa glavu, vizikwe katika shimo refu, na daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo.