Muuaji Tunayemjua: Kiini cha Sehemu Bora ya Columbo

Hadithi ya upelelezi imewazoesha wasomaji wake swali moja: nani kaua? Wasomaji wengi wa Kiswahili walilizoea swali hilo kupitia kwa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, Najum akiwa pembeni, na wahakiki wengi hawakukawia kuwaona Sherlock Holmes na Watson nyuma yao. Katika hadithi za aina hiyo mhalifu hufichwa, watuhumiwa huongezwa, na fumbo hufumbuliwa mwishoni. Ndiyo maana mtazamaji anapoulizwa ni sehemu ipi ya tamthilia ya upelelezi iliyozishinda nyingine, hutaja ile iliyomshangaza zaidi. Makala haya yanalikataa jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba sehemu bora ni ile ambayo kidokezo kinachomnasa muuaji kinatoka katika jambo lile lile analojivunia. Ushahidi wangu ni Columbo, tamthilia ya Marekani iliyoitoa siri ya muuaji hadharani tangu dakika za mwanzo na bado ikawashika watazamaji kwa miongo mitatu.

Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles ni zao la Richard Levinson na William Link, marafiki walioanza kuandika pamoja wakiwa wanafunzi. Alionekana kwanza mwaka 1960 katika mchezo wa televisheni, akiigizwa na Bert Freed. Mwaka 1962 alipanda jukwaani katika Prescription: Murder, safari hii akiigizwa na Thomas Mitchell. Mchezo huo ulipogeuzwa kuwa filamu ya televisheni mwaka 1968, nafasi ilikwenda kwa Peter Falk, na haikutoka tena mikononi mwake. Mfululizo ulirushwa na NBC kati ya 1971 na 1978, kisha na ABC kati ya 1989 na 2003. Ukizijumlisha filamu mbili za utangulizi, ni sehemu 69. Muundo wenyewe ulikuwa na umri mkubwa zaidi: R. Austin Freeman, Mwingereza, aliujaribu katika The Singing Bone ya mwaka 1912, ambamo msomaji hushuhudia uhalifu kwanza na uchunguzi baadaye. Tabia ya mpelelezi nayo waandishi hao wawili walikiri kuwa waliitwaa kwa Porfiry Petrovich, hakimu mpelelezi wa Dostoevsky, anayemzungukia Raskolnikov kwa maneno yasiyoisha mpaka kijana wa watu akose pumzi.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Columbo huirefusha njia hiyo kwa zaidi ya saa nzima, na utamu wote umo katika urefu huo. Wahakiki wameshasema mara nyingi kwamba muundo huu huihamisha taharuki kutoka “nani” hadi “vipi”: tunajua aliyeua, tunangoja kuona atanaswa vipi. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanaishia njiani. Hayasemi kwa nini sehemu mbili zenye muundo ule ule, mpelelezi yule yule na urefu ule ule zinaweza kutofautiana kwa ubora kama usiku na mchana. Hawalisemi hilo pia wale wanaoutaja ukoti uliokunjamana, sigara, gari bovu la Peugeot na mke asiyeonekana. Vitu hivyo vipo karibu kila mahali katika mfululizo, katika sehemu nzuri na mbaya, na kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya tofauti.

Kinachobadilika ni muuaji. Mara nyingi luteni haonekani kabisa katika robo saa ya kwanza. Muda huo wote ni wa mtu mwingine, na tunaingia nyumbani kwake, tunaijua kazi yake, tunasikia kinachomkera, tunauona mpango wake ukitimia. Kimuundo yeye ndiye mhusika mkuu. Columbo ni balaa linalomfika. Basi ikiwa mtu huyo hana anachokipenda zaidi ya pesa, sehemu nzima hubaki mchezo wa kutafuta kosa la hesabu: alisahau saa, aliacha taa, alisema jambo ambalo hakupaswa kulijua. Lakini akiwa na kitu anachokipenda kwa moyo wake wote, kosa lake linaweza kuzaliwa ndani ya mapenzi hayo, na hapo upelelezi unavuka mpaka na kuwa tanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni “Any Old Port in a Storm” ya mwaka 1973. Donald Pleasence anamwigiza Adrian Carsini, mtengenezaji mvinyo ambaye maisha yake yote ni mapipa, chupa na tarehe za mavuno. Kiwanda si mali yake. Ni cha mdogo wake wa baba mmoja, Ric, mpenda michezo na magari, ambaye amekuja kumwambia kwamba anakiuza kwa kampuni inayotengeneza mvinyo wa bei rahisi. Adrian anampiga na kumzimisha, na muda mfupi baadaye anarudi sebuleni kuwakirimu wageni waliokuja kumpa heshima kwa utaalamu wake. Kisha anamfunga ndugu yake katika ghala la mvinyo, anazima mtambo wa kupoza hewa, na kusafiri kwenda New York kwa wiki moja. Ric anakufa kwa kukosa hewa. Adrian akirudi anamvisha mavazi ya kuzamia na kumtupa baharini ili ionekane kuwa amekufa katika ajali ya kuzamia.

Mpango ni mzuri, na mtazamaji hana njia ya kuona kasoro yake kwa sababu yeye si mjuzi wa mvinyo. Hilo ni muhimu. Kasoro hii mwenye kuijua ni muuaji mwenyewe, lakini hakuwepo nyumbani ilipotokea: siku moja alipokuwa New York, joto la California lilipanda kupita kiasi, na ghala lisilo na mtambo unaofanya kazi likachemka. Columbo anajifunza mambo ya mvinyo kwa haraka, kama mwanafunzi aliyechelewa kuingia darasani, kisha anamwalika Carsini chakula cha jioni. Chupa ya pombe ya zamani aina ya port inaletwa. Carsini anaonja na kughadhibika mbele ya hoteli nzima: kinywaji kimeharibiwa na joto, ni tusi kumpa mtu kitu kama hiki! Wahudumu wanababaika kuomba radhi. Baadaye anaambiwa kwamba chupa ile ilitoka katika ghala lake mwenyewe.

Hebu tuangalie kilichofanyika. Mtu mwingine yeyote angekunywa na kushukuru. Aliyekuwa na ulimi wa kuligundua joto lile alikuwa yeye, na alikuwa na kiburi cha kutoweza kunyamaza. Kama angekuwa mtaalamu wa kadiri tu, angekuwa huru. Zaidi ya hapo, kwa kuzima ule mtambo alikuwa ameua mkusanyo wa mvinyo ambao kwa ajili yake alimuua ndugu yake. Hiki ndicho kinaya kilichokamilika. Mpelelezi hakuleta silaha yoyote kutoka nje. Alichukua kile ambacho mshindani wake alikuwa nacho kingi, akakirudisha mezani kikiwa kimemiminwa katika bilauri.

Ubora huo una matokeo mengine yasiyotarajiwa: mpelelezi na muuaji wanapendana. Carsini, mtu wa dharau, anatambua kwamba mtu huyu mchafu wa mavazi amejitahidi kuuelewa ulimwengu wake. Katibu wake, ambaye amegundua siri na sasa anataka ndoa kama malipo ya kunyamaza, amemfanya aone kwamba hata jela si mahali pabaya sana. Wanamaliza wakiwa ndani ya gari la Columbo, wakigawana mvinyo kabla ya safari ya kituoni. Hakuna aliyepiga kelele. Sijui sehemu nyingine ya tamthilia hii ambayo kukamatwa kwa mtu kunafanana zaidi na kuheshimiwa.

Kigezo hiki kinafanya kazi pia kwingineko. Katika “Murder by the Book” ya mwaka 1971, iliyoandikwa na Steven Bochco na kuongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana, muuaji, Ken Franklin, ni mwandishi maarufu ambaye hawezi kuandika: vitabu vyote viliandikwa na mwenzake, naye alivuna jina. Mwishoni Columbo anatoa karatasi za marehemu zenye njama ya mauaji yale yale. Badala ya kukana, Ken Franklin anadai kuwa njama ile ni yake, wazo zuri pekee alilowahi kulitoa. Mtu aliyeishi kwa kazi ya mwingine anaukubali mti wa kunyongea ili mara moja tu aitwe mtunzi. Katika “Negative Reaction” ya mwaka 1974 mpiga picha mashuhuri, aliyeigizwa na Dick Van Dyke, anaonyeshwa picha iliyogeuzwa kushoto-kulia na polisi anayejifanya mzembe. Hawezi kuvumilia kosa la kitaalamu. Anakwenda moja kwa moja kwenye rafu, anachukua kamera yenye negativu ya kumwokoa, na kumbe hakuna aliyemwambia kuwa ni ipi kati ya kamera zote zilizokuwa pale.

Wapo watakaonipinga kwa kutaja “Suitable for Framing” ya mwaka 1971, na ni pingamizi la haki. Ross Martin ni mhakiki wa sanaa aliyemuua mjomba wake na kuficha michoro miwili ya Degas nyumbani kwa shangazi yake asiye na hatia. Polisi wanaipata. Columbo anasema alama za vidole vyake mwenyewe zimo juu yake, kwa kuwa aliigusa siku alipomfikia mhakiki huyo akirudi nyumbani na mzigo mkononi. Mhakiki anapaaza sauti kwamba luteni amezitia alama hizo sasa hivi. Columbo anatoa mikono mifukoni, na mikono ina glavu. Picha inaganda papo hapo. Kwa sekunde kumi za mwisho hakuna sehemu inayoishinda hii, nakiri bila kinyongo. Lakini mtego ule ungemnasa mwizi yeyote wa michoro, mjuzi au mjinga. Alichokosea muuaji ni kuruhusu mkono wa mtu kuingia katika mfuko wake. Tunapiga makofi, kisha tunamsahau.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasheria. Watauliza: hasira ya mtu juu ya chupa ya mvinyo inathibitisha nini mahakamani? Inathibitisha kwamba ghala lilipata joto, basi. Wakili wa kawaida angeibomoa kesi ile kabla ya chakula cha mchana. Nakubali, na naongeza kwamba sehemu nyingi za Columbo zina udhaifu huo. Ila tamthilia haimhukumu muuaji mbele ya jaji, inamhukumu mbele yake mwenyewe. Swali la kuuliza ni kama baada ya kidokezo kile mtu huyu anaweza kuendelea kujidanganya kuwa yeye ndiye mwerevu. Carsini hawezi, na kukiri kwake kunatoka hapo. Udhaifu wa kisheria huwa udhaifu wa kisanaa pale tu ambapo muuaji anakiri bila tabia yake kushindwa, na hilo hutokea mara nyingi mno katika miaka ya ABC.

Kuna pia jaribio lililofanywa na watayarishaji wenyewe, pengine bila kukusudia kutusaidia sisi wahakiki. Mwaka 1976, katika “Last Salute to the Commodore” iliyoongozwa na Patrick McGoohan, waliuacha muundo wao. Walituonyesha mtu akificha ushahidi ili tudhani ndiye muuaji, kisha wakamuua. Columbo akawakusanya watuhumiwa chumbani na kumsikilizisha kila mmoja mlio wa saa mpaka mmoja akajiponza kwa kauli yake. Mshangao upo, fumbo lipo, na mpelelezi ni Falk yule yule. Hata hivyo ni miongoni mwa sehemu ambazo wapenzi wa mfululizo huzitaja kwa masikitiko, na sababu haihitaji kutafutwa mbali. Muuaji aliyefichwa hakuweza kupewa ile robo saa. Anapotajwa, tunatambua jina tu, hatumtambui mtu.

Neno fupi kuhusu uchumi wa uzalishaji, kwa kuwa ubora hauanguki kutoka mawinguni. Columbo ilirushwa kwa zamu na tamthilia nyingine, zikiwemo McCloud na McMillan & Wife, chini ya mwavuli wa NBC Mystery Movie. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu saba tu, na wa sita tatu. Kila moja ilikuwa na urefu wa filamu. Mfululizo unaodaiwa sehemu ishirini na kitu kwa msimu, za dakika chini ya hamsini, hauna nafasi ya kumjenga muuaji mpya kila wiki. Humjenga mpelelezi, na muuaji hubaki mpita njia.

Kipo kisa kimoja kinachokisumbua kigezo changu. Katika “Forgotten Lady” ya mwaka 1975, Janet Leigh ni nyota wa zamani anayemuua mumewe huku mashine ikionyesha filamu yake ya ujanani. Filamu inakatika akiwa hayupo chumbani, na zile dakika zilizopotea ndizo zinazomfichua. Kidokezo kimo ndani ya kile anachokipenda, sawa kabisa. Lakini yeye ni mgonjwa wa ubongo, hakumbuki tena kuwa aliua, na hana muda mrefu wa kuishi. Hakuna kiburi cha kushindwa. Rafiki yake wa zamani anajitwisha kosa, na Columbo anamwachia afanye hivyo. Hapa kinachopimwa ni uadilifu wa mpelelezi, na sehemu hii inasimama kwa nguvu hiyo peke yake. Naiweka ya pili katika mfululizo wote. “Suitable for Framing” naipa nafasi ya tatu kwa ajili ya zile glavu, na ya kwanza, bila kusitasita, ni “Any Old Port in a Storm”.