Mabaraza Mawili ya Shabiki: Ubishi wa Kikosi baada ya Kipigo cha 5–1

Viongozi wa klabu na baadhi ya wachambuzi wa redioni wana dai walilolizoea: kwamba shabiki wa Tanzania, timu yake ikifungwa, hachambui bali anatafuta wa kumtwika lawama. Leo kipa, kesho refa, keshokutwa kocha. Ushauri unaofuata dai hilo ni kwamba masuala ya ufundi waachiwe wataalamu. Makala haya yanalipinga dai hilo. Ninashikilia kwamba ubishi wa baada ya kipigo hufanyika katika mabaraza mawili yenye kanuni tofauti, na kwamba wanaoudharau wamesikiliza moja tu.

Dai hilo limepata nguvu kutoka kwa saikolojia ya jamii. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu saba vya Marekani walivaa zaidi mavazi yenye nembo ya chuo Jumatatu iliyofuata ushindi wa timu yao. Miaka kumi baadaye Snyder, Lassegard na Ford wakaeleza upande wa pili, yaani namna mtu anavyojitenga na kundi lililoshindwa ili kulinda heshima yake. Kwa Marekani sina ugomvi na matokeo hayo. Ugomvi wangu ni na wanaoyahamishia Kariakoo, kwa watani Simba na Yanga, kana kwamba huko kujitenga kunawezekana. Shabiki wa Simba aliyeiacha jezi nyumbani baada ya kufungwa na Yanga ndiye hasa anayetafutwa. Mwenye genge anamjua, kondakta anamjua, na shemeji yake ameshapiga simu kabla hajafika kazini. Utani hauruhusu mtu kuwa shabiki siku za ushindi pekee. Nadharia inayoanza na mtu mwenye uhuru wa kujificha haiwezi kueleza mahali ambapo uhuru huo haupo.

Kuhusu chimbuko la upinzani huu hakuna mgogoro wa kutuchelewesha. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na Tsuruta (2007) ameeleza vizuri jinsi klabu hizi zilivyokua pamoja na jiji la Dar es Salaam. Kilichopuuzwa ni kwamba utani huo, kwa kumlazimisha aliyefungwa ajibu, humlazimisha pia aandae maelezo. Maelezo hayo ni ya aina mbili, moja kwa kila baraza. Mbele ya mtani shabiki hujitetea: refa aliwabeba, mpira una matokeo matatu, mbona na ninyi mlifungwa sita mwaka 1977? Hapo ukweli si lengo, na mtani mwenyewe anajua si lengo. Lakini mtani akishaondoka na waliobaki kwenye benchi la kahawa wakawa wa rangi moja, mazungumzo hubadilika; hilo ndilo baraza la ndani. Refa husahaulika haraka. Sasa linakuja swali la nani alipangwa, kwa nini, na nani aliyemsajili.

Mfano ninaoutegemea ni mechi ya 5 Novemba 2023 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ilipoifunga Simba 5–1. Kwanza hali ya kabla ya mechi. Kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho, aliingia uwanjani akiwa hajapoteza mechi ya ligi tangu apewe timu mwanzoni mwa mwaka. Aprili alikuwa ameifunga Yanga 2–0, na Agosti akaitoa kwa penalti katika Ngao ya Jamii mjini Tanga baada ya suluhu ya 0–0. Katika mechi zote mbili golini alikuwa kijana Ally Salim, ambaye Tanga aliokoa penalti tatu. Novemba golini alisimama Aishi Manula, kipa mzoefu wa timu ya taifa, aliyekuwa ametoka kuuguza jeraha kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya vijiwe vya Msimbazi, yaani vya mashabiki wa Simba, ilikuwa ya kikosi: kipa ambaye Yanga haikumfunga katika mechi mbili ameachwa nje kwa nini? Mpinzani wa hoja yangu atasema huu ni ujanja wa baada ya tukio. Mwanasaikolojia Fischhoff alithibitisha tangu 1975 kwamba mtu akishajua matokeo hudhani yalikuwa yakionekana tangu mwanzo, na Manula angetoka bila kufungwa tungesifu uzoefu wake. Pingamizi hilo lina uzito, ila halifiki mbali. Orodha ya kikosi hutoka kabla ya mpira kuanza, na ubishi huanza papo hapo, matokeo yakiwa bado hayajulikani. Zaidi ya hapo, orodha hiyo ndiyo karatasi ya pekee ya kazi ya benchi la ufundi inayowekwa hadharani. Mwanachama haoni mazoezi, haoni ripoti ya daktari, haoni mkataba wa mchezaji. Anaona majina kumi na moja, naye huyasoma kwa makini kama mkaguzi anavyosoma hesabu.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hoja ya kipa haikudumu peke yake. Tazama dakika za mabao. Kennedy Musonda alifunga dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9, na hadi mapumziko ilikuwa 1–1. Kisha Maxi Nzengeli dakika ya 64, Stephane Aziz Ki dakika ya 73, Nzengeli tena dakika ya 77, na Pacome Zouzoua kwa penalti dakika ya 87. Mabao manne ndani ya dakika ishirini na tatu. Anayemlaumu kipa ana kazi ya kueleza kwa nini kipa yuleyule alifungwa bao moja tu katika saa nzima ya mwanzo. Vijiweni swali hilo liliulizwa, tena kwa ukali, na jibu likahamia kwenye pumzi: timu ilikata moto, viungo wakashindwa kurudi, mabeki wenye umri mkubwa wakaachwa na watu wanaokimbia. Kutoka hapo likaja suala la usajili, maana pumzi ya mtu wa miaka thelathini na kitu haiongezwi na hotuba ya mapumziko.

Hatua hizo tatu, kipa, pumzi, usajili, ni mwendo wa hoja. Dai moja lilipimwa kwa ushahidi likaonekana dogo, likatafutwa kubwa zaidi. Siku mbili baada ya mechi Simba ilitangaza kuachana na Robertinho, na pamoja naye kocha wa viungo, Corneille Hategekimana. Sidai kwamba uongozi ulikwenda kusikiliza vijiwe. Ninachosema ni kwamba kumwondoa kocha wa viungo pamoja na kocha mkuu kunaonyesha wataalamu nao waliliona tatizo palepale lilipoonwa na watu wa kahawa.

Nakiri baraza la ndani lina ugonjwa wake, nao ni tuhuma za hujuma. Kila kipigo cha watani humzalisha mchezaji anayedaiwa “kuuza mechi”. Tuhuma hiyo haina kipimo: akicheza vibaya ni ushahidi, akicheza vizuri ni kujificha. Huko shabiki ameacha uchambuzi, na simtetei.

Udhaifu wa pili ni haraka ya kudai kocha aondoke. Utafiti wa Bas ter Weel juu ya ligi ya Uholanzi, misimu ya 1986 hadi 2004, ulionyesha kwamba kufukuza kocha hakukuboresha matokeo kuliko ambavyo yangejirekebisha yenyewe. Simba inaelekea kulithibitisha hilo: Abdelhak Benchikha aliyechukua nafasi ya Robertinho hakumaliza msimu, na timu ikashika nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Yanga nayo ilimwondoa kocha wake Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, na bado ikatwaa ubingwa. Wapo watakaouona mfano huo kama pingamizi. Mimi nauona kama ushahidi kwamba kikosi kilichosajiliwa vizuri humvumilia kocha yeyote, jambo ambalo baraza la ndani lilikuwa limeshalisema.

Swali la nani ana haki ya kuhoji masuala ya ufundi lina uzito kuliko utani. Wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa Desemba 2017, na wa Yanga wakabadili katiba yao 2021. Mwekezaji ameingia, na maamuzi ya usajili yamesogea mbali zaidi na mwanachama wa kawaida. Kumwambia mtu huyo awaachie wataalamu ni kumnyang'anya hata ile karatasi moja aliyobakiwa nayo. Hesabu za fedha husomwa mbele ya mkutano mkuu; ripoti ya benchi la ufundi nayo isomwe hapo, ikieleza nani alisajiliwa kwa sababu gani na nani alipendekeza, kisha mwanachama apewe kipaza sauti aulize.