Safu ya Lugha: Shoga

"Shoga" ni neno la wanawake. Kibiti, Nyamisati na kwingineko katika delta ya Rufiji, mwanamke humwita mwenzake "shoga yangu" kwa maana ya rafiki wa siri na wa shida. Vijana husema "shosti". "Mwandani" ni zito zaidi, na "rafiki" humbeba yeyote. Maana ya pili, mwanamume anayependa wanaume, si ya juzi. Kamusi za zamani zilikwisha kueleza kwamba Unguja shoga ni rafiki wa kike, ilhali pwani ya Kenya ni huyo wa pili. Maana hiyo ndiyo iliyotamba, hata mgeni kutoka bara hushtuka akimsikia karani wa Kibiti akimwita mwenzake shoga.

Kosa liko maofisini, neno linaporushwa kama tusi kwa mwanamume yeyote mpole au asiyeoa. Hapo halielezi kitu, linaumiza tu. Panapohitajika maelezo, "mpenzi wa jinsia moja" yatosha. "Ujumuishi" nao, unaopambwa kwenye matangazo ya ajira, ni kumwingiza mtu katika jumla. Kumvumilia kwa shingo upande ni jambo jingine. Kisheria, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsi, ulemavu na mengineyo. Mwelekeo wa kimapenzi haumo. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inautaja.