Si Damu, Ni Sahani

Wasee, kuna ile kauli ya kila nyumba: "Sisi tumezaliwa hivi, ni damu." Ngoja kwanza.

Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti kuhusu majirani wawili hapa Kenya. Mwanaume Mmaasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi Mkikuyu wa nafaka na viazi kwa takriban inchi 5. Watoto wengi wa Kikuyu walikuwa na shida za mifupa na meno.

Sasa hapa ndipo panaponimaliza: kati ya wanawake, tofauti ya urefu ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi, wanaume wao wala. Boma moja, afya mbili.

Na kabla ulaumu mama ya mtu, kumbuka ardhi nyingi ya Kiambu ilikuwa tayari imechukuliwa na masetla. Utafuga ng'ombe wapi bila malisho?

Leo mathe anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku. Mtoto anakula chipo za kibandani na kushinda ndani, maana uwanja wa mtaa ulinyakuliwa. Halafu tunamwita mvivu!

Mtoto hula na kucheza vile nyumba inaruhusu. Na nyumba hubanwa na ardhi, mshahara na saa za kazi. Kwa hivyo tusihubirie mathe pekee. Tudai uwanja urudi, na mabuda pia waingie jikoni.

Kwenu nani huamua kinachopikwa?