Historia ni Amana: Somo kutoka Bonde la Kilombero



Mara nyingi mzazi humwambia mwanawe aliyepata nafasi ya Chuo Kikuu: "Soma udaktari au uhandisi. Historia itakupa nini?" Swali hili si la kudharauliwa, kwani mzazi amejinyima mengi ili mwana asome. Lakini lina jawabu, na tusiende mbali kulitafuta. Twende Ifakara na bonde zima la Kilombero.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na mwezi uliofuata vilikuwa vimekwisha fika bondeni. Wambunga na Wapogoro waliinuka dhidi ya Wajerumani, na tarehe 30 Agosti wakalishambulia boma la Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Kisha ukaja msiba mkubwa zaidi: majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Ni nani aliyeandika habari hizi kwanza? Ni mshindi. Gavana von Götzen alitoa kitabu chake mwaka 1909, akawatwisha waganga lawama. Waliokufa, kwa makadirio ya Wajerumani, walikuwa 75,000.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo. Waliosimamia utafiti huo ni pamoja na G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Wazee walieleza habari za kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, kodi na viboko. Baadaye Gwassa alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tazama, ndugu yangu, tofauti ya makadirio hayo mawili. Haipungui watu 175,000, na kila mmoja wao alikuwa na jina na mama aliyemzaa. Je, kuwasahau si kuwadhulumu mara ya pili?

Elimu hii si ngeni kwa Muislamu. Mwanahistoria huuliza: nani aliona, nani alisimulia, je, maneno yake yanaafikiana na ya wengine? Hivyo ndivyo maulamaa wa Hadithi walivyochunguza isnadi, mtu kwa mtu, kabla ya kukubali riwaya. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat, inatuamrisha kuthibitisha habari ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanaonakili visa bila ya kuvipima.

Tena historia ya kweli haimpendelei mtu. Bonde hilohilo halikuwa na kauli moja: Mtema Kiwanga wa Wabena alisimama upande wa Wajerumani. Mwenye kutaka kusifu tu ataficha jambo hili. Mwenye kutaka haki ataliandika, kisha atauliza sababu zake, kwani tumeamrishwa uadilifu hata juu ya nafsi zetu.

Na kazi hii haingoji. Lau wanafunzi wale wangechelewa miaka ishirini tu, wazee wale wangekuwa wamekwisha zikwa pamoja na ushahidi wao. Leo shahidi wa mwaka 1905 hayupo tena. Lakini wapo bado wazee walioiona reli ya TAZARA ikijengwa bondeni kati ya mwaka 1970 na 1975. Nani atakwenda kuwauliza, na kwa ujuzi gani?

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akichagua historia usimvunje moyo. Daktari huwatibu walio hai. Mwanahistoria huwalinda wasiozuliwe uongo waliokufa ambao hawawezi tena kujitetea. Nawe kijana, ukiisoma, isome kama mtu aliyekabidhiwa amana, kwani amana huulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.