Uanaume si kumchukia mwanamke: tofauti iko wapi?

Kila tunapogusa mada ya ukatili wa kijinsia hewani, hakosi msikilizaji wa kiume anayepiga simu na kuuliza: "Kwa hiyo siku hizi kuwa mwanaume ni kosa?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lililonyooka. Makala hii inaeleza uanaume ni nini, chuki dhidi ya wanawake ni nini, na kwa nini watu wengi huvichanganya. Mwishoni utapata mambo ya sheria na mahali pa kwenda ukipata tatizo.

Maana kwa kifupi

Kuna kuzaliwa mwanaume, na kuna uanaume. Kuzaliwa ni suala la mwili. Uanaume ni yale ambayo jamii inamfundisha mtoto wa kiume na kuyategemea kwake: kazi, ujasiri, kulinda familia, kutunza neno lake. Kwa kuwa ni mafundisho, hubadilika kwa zama na mahali.

Chuki dhidi ya wanawake ni kumdharau, kumwogopesha au kumuumiza mtu kwa sababu tu ni mwanamke. Si lazima mwenye chuki hiyo awe anawachukia wanawake wote. Anaweza kumpenda mama yake na dada zake, lakini mwanamke akisema hapana, akimiliki mali au akitoa maoni mbele za watu, yeye anaona ameibiwa kitu chake.

Mfumo dume ni ule utaratibu mzima unaompa mwanaume kauli ya mwisho kwenye mali, uongozi na maamuzi ya nyumbani. Unaweza kuishi ndani ya mfumo dume bila kuwa na chuki moyoni. Ila chuki hupata nguvu pale inapojua mfumo utailinda.

Uanaume wa huku kwetu

Kutoka Mahurunga na Kitaya hadi Msimbati, uanaume ulifundishwa jandoni. Kijana alifundishwa kuvumilia maumivu, kuheshimu wakubwa, kutunza siri na kujitegemea. Alipotoka alichezewa ngoma na kupokewa kama mtu mpya. Kwenye bonde la Mto Ruvuma, mwanaume alipimwa kwa shamba lake la mpunga, kwa mtumbwi wake, na kwa kuthubutu kukesha kulinda mazao dhidi ya viboko na nguruwe. Hakuna ubaya wowote hapo. Familia nyingi zimeishi kwa ujasiri huo.

Tena, Wamakonde, kama walivyo Wayao na Wamwera, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika ndoa na malezi. Zamani mume alikwenda kuishi kwa upande wa mke, na hapo alichunguzwa kama anaweza kazi. Hata hadithi ya asili ya Wamakonde inasimulia mwanaume aliyechonga sanamu ya mwanamke, ikageuka kuwa mtu hai, akawa mama wa kabila zima.

Tusitie chumvi. Ukoo wa mama haukumaanisha kwamba wanawake walitawala, kwa sababu mjomba naye ni mwanaume. Lakini mtu wa huku akisema "mila zetu zinasema mwanamke si kitu", anasema jambo ambalo mila zenyewe hazilijui.

Mstari unavukwa wapi?

Chukua msimu wa korosho. Mume anapulizia salfa, mke anapalilia, na wote na watoto wanaokota. Korosho zinapelekwa AMCOS, mnada unafanyika, na fedha zinaingia kwenye akaunti. Mara nyingi akaunti hiyo ina jina la mume.

Mume akikaa na mkewe, wakapanga ada, bati za nyumba na pembejeo za mwaka unaofuata, huo ni uanaume. Hata wakibishana, bado ni watu wawili wanaopanga. Lakini akitoweka mjini wiki mbili, akarudi mikono mitupu, na mke akiuliza akajibiwa kwa kofi, hapo mstari umevukwa. Kosa si kwamba yeye ni mwanaume. Kosa ni kuamini kuwa jasho la mke halihesabiki na swali lake ni utovu wa adabu.

Tofauti nyingine ni hizi:

- Kulinda ni kumsindikiza binti anayetoka shule jioni. Kumkataza shule kwa sababu "ataharibika" ni kumfungia.
- Kuongoza ni kusikiliza halafu kuamua pamoja. Kutisha ni kufanya nyumba nzima inyamaze ukisikika mlangoni.
- Kutongoza ni kuomba. Ukikataliwa, unaondoka. Kumtukana au kumvizia aliyekukataa ni chuki.

Maneno nayo yana kazi yake. Mwanaume akichota maji au akimbeba mtoto kwenda kliniki, kijiweni wanasema "amelishwa limbwata". Kwa mzaha huo watu wanafundishwa kwamba wema kwa mke ni ugonjwa, na aliyefanya lazima karogwa. Wazee wa dini wanaweza kutusaidia hapa. Waislamu wana masimulizi ya Bi Aisha kwamba Mtume alisaidia kazi za nyumbani na kushona viatu vyake mwenyewe. Wakristo wana agizo la mume kumpenda mke kama mwili wake. Katika hayo, sioni limbwata.

Si wanaume peke yao

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana au kutoka bila kuaga. Waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 40 ya wanaume, na asilimia 58 ya wanawake.

Soma tena namba hiyo. Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Maana yake ni kwamba fikra hizi tumelishwa sote, na mama anayemwambia binti "vumilia, ndiyo ndoa" anazirithisha.

Mwanaume naye anaumia

"Jikaze, wewe mwanaume" ni neno zuri jembe likiwa zito. Likitumika kila mahali, linaua. Mwanaume anakaa na kikohozi miezi mitatu, anaogopa kupima, anazika huzuni kwenye pombe. Juni 2018 Serikali ilizindua kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga hasa wanaume, kwa sababu walikuwa nyuma ya wanawake katika kupima VVU. Kukubali kwamba unaumwa hakukupunguzii kitu.

Yanayokuja kwenye simu

Siku hizi mafundisho ya uanaume hayatoki jandoni tu. Yanakuja kwa video fupi. Nyingine zinahimiza kazi, mazoezi na kuacha pombe, na hizo zina faida. Nyingine zinamwambia kijana aliyekosa ajira kwamba adui yake ni mwanamke. Jiulize jambo moja: baada ya kuitazama, umepata la kufanya kesho, au umepata mtu wa kumkasirikia?

Mwisho wa chuki tumeuona jirani. Septemba 5, 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alifariki huko Eldoret, Kenya, siku chache baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Mtuhumiwa alikuwa mwanaume aliyewahi kuwa na uhusiano naye, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya moto huo.

Sheria inasemaje?

- Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu.
- Sheria hiyohiyo, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi.
- Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.
- Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 wawe wanawake.

Sheria hizi hazimwondolei mume heshima. Kifungu cha 66 kinamlinda pia mume anayepigwa na mkewe.

Ukipata tatizo

1. Ukiwa umeumia sana, wahi zahanati au hospitali. Polisi watakupa fomu ya PF3, ambayo ni muhimu kwenye kesi.
2. Kwa aliyebakwa: asioge wala kufua nguo. Afike kituo cha afya haraka, kabla ya saa 72 kwisha, apate dawa za kuzuia VVU.
3. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mtendaji wa kijiji. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa vikao vya familia.
4. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116. Ni bure.

Na kwa yule msikilizaji anayeuliza kama kuwa mwanaume ni kosa: hapana. Mkeo akiweza kukupinga mezani na akalala bila hofu, uanaume wako hauna shida na mtu.