Njia za viungo nyuma ya proksi kinyume

Proksi kinyume ni seva inayopokea maombi ya vivinjari kwa niaba ya programu iliyo nyuma yake. Matata huanza programu inapowekwa chini ya njia ndogo, tuseme /ripoti. Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, inaweza kukikata kipande hicho kabla ya kupeleka ombi: mkwaju mmoja mwishoni mwa anwani ya proxy_pass ndio unaoamua, na ni rahisi mno kuusahau. Programu, ikijidhani iko kwenye mzizi, huandika kiungo cha /ingia. Mtumiaji akibofya, anaambulia 404.

Proksi inaweza kuiarifu programu anwani ya asili kupitia vichwa vya ombi, lakini kiwango cha RFC 7239 cha 2014 hubeba jina la seva na itifaki, si kiambishi cha njia. Pengo hilo huzibwa na kichwa kisicho rasmi, X-Forwarded-Prefix, ambacho Spring, mfumo wa kuundia programu za Java, hukielewa. Grafana, programu ya dashibodi, yenyewe huelezwa njia yake kwenye mpangilio wa root_url.